Mlango wa Moto: Vali katika Injini za Magari ya Spoti ya Zamani

Mhadhara kwa mafundi na vijana wa Sarang'ombe, Nairobi

Ninyi vijana mliofika mkidhani kuna soda, samahani. Soda hakuna. Nimekuja na vali tatu, na kabla sijaenda mbali naomba zianze kutembea mkono kwa mkono kutoka benchi hili la mbele. Mwishoni nitazihesabu.

Ya kwanza ina kichwa cha milimita 42. Ni vali ya kuingiza hewa na petroli kwenye injini ya Datsun 240Z. Ya pili ni mwenzake wa kutolea moshi, kichwa milimita 33. Mwenye sumaku ya spika mbovu azijaribu: ya kuingiza hunaswa mara moja, lakini kichwa cha ile ya kutolea mara nyingi hukataa, maana chuma chake kimechanganywa kwa namna nyingine ili kivumilie moto. Ya tatu nimeifunga utepe mwekundu. Nayo ni ya kutolea moshi, ila imetoka kwenye Alfa Romeo, na ukiitazama utaona ina shina nene. Ishike, ipime uzito kwa kiganja, ipitishe. Hiyo yenye utepe isiguswe na msumeno wala grenda. Sababu inakuja.

Nilipokuwa naingia hapa, mzee mmoja alinivuta kando. "Mwalimu," akaniambia, "Sarang'ombe hii, mwenye boda boda ndiye tajiri. Magari ya spoti ya nini?" Nikamwambia: mzee wangu, magari yenyewe hayako mbali. Shika Barabara ya Ngong, pita Jamhuri, utafika kwenye uwanja wa mbio za farasi. Hapo ndipo klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, ambayo imekuwa ikiandaa maonyesho ya Concours d'Elegance tangu miaka ya 1970, huwakusanya wenye magari ya zamani. Waamuzi huinama na kukagua kila kitu, toka kiti hadi uvungu.

Nimesimama pale mara kadhaa. Mwenye gari huwa amevaa suti na kofia, na boneti ikifunguliwa watu hupiga picha. Aliyeifungua injini ile usiku akaifunga tena kabla ya alfajiri husimama nyuma ya kamba, kucha zake bado zina grisi. Leo tuongee habari za huyu wa nyuma ya kamba, na jambo analolijua ambalo mwenye suti huenda halijui: kwamba gari lile zima, pamoja na rangi yake na mngurumo wake, linaning'inia kwenye ukingo wa chuma ambao upana wake haufiki milimita mbili.

Tuanze na nyumba. Silinda ni chumba, na chumba hicho kina milango miwili darini. Pistoni ikishuka, mlango wa kwanza hufunguka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Pistoni ikipanda, milango yote miwili hufungwa na mchanganyiko ule hubanwa. Cheche huruka, moto huisukuma pistoni chini. Ikipanda tena, mlango wa pili hufunguka na kuutoa moshi. Milango hiyo ndiyo vali, nayo ina umbo la uyoga: kichwa bapa na shina refu.

Sasa tupige hesabu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufungwa mara 50 kwa sekunde. Gonga meza, sema "moja", na vali imeshapiga hodi hamsini. Ukiigawa sekunde vipande elfu moja, safari nzima ya vali, kufunguka hadi kufunguka tena, huchukua vipande 20. Kwa vipande saba na ushei mlango uko wazi. Kwa kumi na viwili hivi umefungwa. Hivyo kumi na viwili vishikeni, tutavirudia.

Mlango wa kuingilia una raha zake, kwa maana kila ukifunguka hupulizwa na upepo baridi uliolowa petroli. Wa kutokea hauna bahati hiyo. Hupitisha moto wenyewe, na kichwa chake hufika nyuzi 700 au 800, kiwango ambacho chuma huwa chekundu kama kaa la jiko. Wahandisi waliotengeneza vali maalumu za magari haya karibu wote walikuwa wakikimbizana na swali moja: kaa hilo litalitua wapi joto lake?

Kina mama wanalijua jibu. Ukiepua sufuria ukaiweka kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, sakafu huunyonya moto na sufuria hupoa upesi. Ikikalia kijiwe ikainama upande, joto hubaki humo humo. Takriban robo tatu ya joto la kichwa cha vali hutoka kwa njia hiyo: vali inapofunga na kukaa kwenye kiti chake, ule ukingo mwembamba niliousema. Linalobaki hupanda shinani na kuingia kwenye mrija unaoliongoza shina. Mrija huo mafundi wetu huuita kwa jina lake la Kiingereza, nami kila nikijaribu kuliandika kwa tahajia ya Kiswahili napata neno "gaidi". Kwa hiyo leo tutauita mrija, tusije tukafungiwa ukumbi.

Basi msinielewe vibaya nikisema kwamba vali haiponi kwa kufunguka, hupona kwa kukaa. Vile vipande kumi na viwili vya sekunde ndio usingizi wake. Ukimwibia usingizi huo, hata kwa unywele, ataungua.

Unajuaje kama imekaa? Hapa ndipo pa fundi. Paka ukingo dawa ya kusagia, ule uji mzito wenye chembechembe. Bandika kichwani kijiti chenye mpira wa kunyonya, kisha zungusha kijiti kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto. Mwanzoni utasikia kwaru-kwaru. Usiongee na mtu, sikiliza. Sauti ikilainika ikawa kama nguo inayoburutwa sakafuni, inua vali, igeuze robo, ishushe tena. Ukimaliza futa kila kitu, maana chembe moja ya dawa hiyo ikibaki itausaga mrija mpaka mwisho wa maisha ya injini. Unachotaka kukiona ni pete moja ya kijivu, isiyokatika, yenye upana mmoja pande zote.

Halafu chukua penseli. Chora vistari vifupi vinavyoukata ukingo wa vali, kimoja baada ya kingine, mpaka uzunguke wote. Irudishe kitini, ibonyeze, izungushe kidogo tu, itoe. Vistari vyote vikiwa vimekatika, umemaliza kazi. Kimoja kikibaki kizima, hapo vali haijagusa kiti, na hapo ndipo moto utakapopenya na kuitafuna kama panya anavyotafuna kona ya mkate. Kipimo hicho ni bei ya andazi, na injini ya Porsche hukikubali sawa na ya matatu.

Kuna wizi mwingine wa usingizi, nao huanzia kwa mwenye gari. Chuma kikipata moto hurefuka, kwa hiyo kati ya shina la vali na kile kinacholisukuma huachwa nafasi ndogo. Datsun 240Z ikiwa na moto hutaka milimita 0.25 kwa vali ya kuingiza na 0.30 kwa ya kutolea. Porsche 911 ya kupozwa kwa hewa hutaka 0.10 injini ikiwa baridi, kama unene wa karatasi moja ya daftari, mara vali kumi na mbili, na baadhi yake utazifikia umelala chali chini ya gari. Alfa Romeo yenye kemshafti mbili, zile fimbo zenye nundu (kemu) zinazozisukuma vali, haina hata skrubu ya kurekebishia. Unapima, unaandika, unazitoa kemshafti zote, unabadilisha kikofia cha chuma chenye unene fulani, unarudisha, unapima upya.

Nafasi hiyo hutoa mlio, tik-tik-tik, na wenye magari hawaupendi. "Fundi, nyamazisha hiyo kitu." Fundi mwenye njaa huibana nafasi hadi injini inyamaze, mwenye gari hufurahi na kulipa. Kinachofuata hakisikiki. Chuma kinarefuka, vali inazuiwa kukaa, joto linakosa pa kutua. Gari likirudi baada ya wiki kadhaa halina nguvu, na ukifungua kichwa cha injini unakuta vali imekatwa pembe kama nyanya iliyoumwa na mtoto. Kuna kelele ambazo fundi mwaminifu huziacha ziendelee, na kumwambia mwenye gari ni kwa nini.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na mahali bora pa kujaribia mambo haya kuliko maabara yoyote. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye dunia ikayajua kama Safari Rally. Vumbi lililopenya kichujio lilisaga mirija na viti vya vali. Miinuko ililazimisha injini kuvuta kwa nguvu zote saa baada ya saa, na Pwani ikaongeza joto lake.

Tazameni miaka mitatu tu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z: silinda sita, kemshafti moja, vali mbili kwa kila silinda, ndizo hizo mnazopokezana. Mwaka 1972 Hannu Mikkola kutoka Ufini akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, akiendesha Ford Escort RS1600 yenye injini iliyobuniwa na kampuni ya Cosworth: silinda nne, vali 16. Wazo la Cosworth lilikuwa kwamba milango minne midogo hupitisha hewa nyingi kuliko miwili mikubwa, kila mmoja ni mwepesi kufunguka na kufunga, na jumla ya ukingo wa kukalia na kupozea ni ndefu zaidi. Mtu angedhani hapo hoja imekwisha. Mwaka 1973 Datsun 240Z ikarudi na vali zake mbili mbili, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, akashinda. Alikuja kushinda Safari mara tano kwa jumla.

Sisemi vali 16 hazina maana. Gari lako la leo linazo, ni matunda ya wazo hilo. Nasema barabara ya Safari haikuuliza idadi ya milango. Iliuliza kama milango inafunga. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeshinda mara tatu, mwaka 1965 kwa Volvo, 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Aliisikia injini kwa masikio ya mtu aliyewahi kuifungua.

Katika kuhakikisha mlango unafunga, Mercedes-Benz walikwenda mbali zaidi. Vali ya kawaida hufungwa na springi, na mwendo ukizidi springi huchelewa, vali ikabaki hewani pistoni inapanda. Katika gari lao la mashindano la W196 la mwaka 1954 waliiondoa springi, wakaweka kemu moja ya kufungua na nyingine ya kufunga. Vali ikawa inavutwa kwenda kitini kwa nguvu. Mashine hiyo ilishinda, lakini ilitaka vipimo ambavyo gari la kuuzia watu lingeshindwa kuvilipia. Kati ya pikipiki, Ducati ndio waliobaki na njia hiyo hadi ikawa alama yao.

Sasa turudi kwenye utepe mwekundu. Uko wapi? Uko nyuma huko. Vizuri.

Tumesema robo ya joto hupitia shinani. Miaka ya 1920 mhandisi Sam Heron, Mwingereza aliyehamia Marekani, alikuwa akihangaika na injini za ndege zinazopozwa kwa hewa, ambazo vali zake za kutolea zilikuwa zinaungua. Alilifanya shina kuwa na uwazi ndani, akatia sodiamu zaidi kidogo ya nusu, akaziba. Sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98, karibu na pale maji yanapochemka. Injini ikipata moto huwa kimiminika ndani ya shina, na kwa kuwa vali hurushwa mara hamsini kwa sekunde, kimiminika hicho husukwasukwa kama maziwa kwenye kibuyu. Kikishuka huchota joto kichwani, kikipanda hulimwaga juu shinani, mrija ukalipokea. Kichwa cha vali chaweza kupungua nyuzi mia moja hivi, na hiyo ni tofauti ya vali inayoishi na vali inayokufa.

Injini za ndege za Vita vya Pili vya Dunia, kama Rolls-Royce Merlin, zilitumia vali hizi. Baadaye zikashuka barabarani: Alfa Romeo Giulia na GTV za miaka ya 1960 na 1970, na Porsche 911, ambayo haikuwa na maji ya kuipoza ila hewa na mafuta. Porsche haikuwahi kupata ushindi katika Safari Rally ya zamani, ingawa ilishika nafasi ya pili mwaka 1974 na 1978. Mswidi Björn Waldegård, aliyekuwa wa pili ile 1974, alisubiri hadi 2011 ndipo akashinda kwa 911 katika Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanzishwa mwaka 2003.

Sodiamu si kitu kigeni kwenu. Imo kwenye chumvi, imo kwenye magadi unayolainishia mboga za kienyeji, na barabara inayokwenda Ziwa Magadi lenyewe huchepuka karibu na Bomas. Ila ndani ya magadi imeshikwa na wenzake, imetulia. Ndani ya shina la vali iko peke yake, metali laini ya kukatika kwa kisu, na adui yake mkubwa ni maji.

Hili nalijua kwa mkono wangu wa kushoto. Nilipokuwa mwanafunzi wa gereji, tulikuwa tunageuza vali za zamani kuwa tindo. Ni chuma kigumu, ukikinoa kinapasua hata msumari. Siku moja niliokota vali nene kwenye debe la skrepu, nikaikata shina kwa grenda. Ilipopata moto nikafanya tunavyofanya sote: nikaitumbukiza kwenye kopo la maji ipoe. Kopo lilipaa. Nilisikia kishindo, nikaona moto wa manjano, na maji yaliyonirukia yaliwasha kuliko pilipili, kwa sababu sodiamu ikikutana na maji huacha kostiki soda inayokula ngozi. Mwalimu wangu alinishika mkono akaufungulia mfereji kwa muda mrefu bila kunigombeza. Hilo la kutonigombeza ndilo lililonitisha.

Kwa hiyo wenzangu wa skrepu, wenzangu mnaoyeyusha vichwa vya injini kuwa sufuria: vali ya kutolea yenye shina nene, iliyotoka kwenye gari la spoti au injini kubwa, msiikate, msiitoboe, msiitupe kwenye tanuri. Itengeni kwenye debe kavu, muwaonye wanaonunua.

Nina jambo la mwisho, nalo lilituhusu hata sisi tusio na magari. Kwa miongo mingi petroli ilitiwa risasi, ile metali nzito, ili injini isigonge. Risasi hiyo iliacha utando mwembamba kwenye viti vya vali, ukawa kama mto wa kukalia. Ikitolewa, vali ya kutolea katika kichwa cha chuma cha kusubu hujichomea kitini kidogo kidogo, ikifunguka inang'oa chembe, na kiti kinazama. Injini za Alfa, Porsche na Datsun zilikuwa na vichwa vya alumini ambavyo tayari vimepachikwa viti vya chuma kingine, hivyo ziliumia kidogo. MG na Triumph za zamani ndizo zilizoumia zaidi.

Lakini risasi ile ile iliyokuwa mto wa vali ilikuwa sumu kwenye damu ya mtoto anayecheza kando ya barabara. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeiacha. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa hapa Nairobi, Gigiri, lilisimamia kampeni hiyo duniani hadi Agosti 2021, lilipotangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho, imemaliza. Wenye magari ya zamani walilalamika. Mafundi hawakulalamika. Walitoboa viti vya zamani, wakapachika pete ngumu, wakaweka vali zilizopakwa Stellite, aloi ya kobalti na kromiamu aliyoibuni Mmarekani Elwood Haynes mwanzoni mwa karne iliyopita. Na kobalti nyingi ya dunia leo huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi, ambako mchimbaji akijiumiza kidole hulalamika kwa Kiswahili. Ukiisaga vali ya namna hiyo, ujue huenda umeshika jasho la mtu unayeweza kuongea naye bila mkalimani.

Nimemaliza. Nirudishieni vali zangu. Ya kuingiza, hii hapa. Ya kutolea ya Datsun, hii hapa, na naona kuna mtu ameshaichora vistari vya penseli, ahsante, ndugu. Ya tatu... utepe nimeupata. Vali siioni.

Haya. Sitampekua mtu mfuko. Uliyeichukua nakuachia, ni chuma kizuri, na najua umeona tindo ndani yake. Ila usiikate.